Semeli Ndani ya Kiatu Chembamba

Ninayoyakumbuka, mwanangu, ni ya siku moja ya kilio kule mtaa wa Ruashi, na hata leo nikiyasimulia uso unaniwaka. Nimekuona ukipachika semeli mpya, zile soli laini za ndani, katika vile viatu vyako vilivyochongoka, nikasema huyu lazima nimwambie, aibu au si aibu.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Makomeno, nauza mikate mjini, nasimama toka asubuhi hadi jioni juu ya sakafu ya simenti. Nyayo zikawa zinawaka moto. Muuguzi mmoja akaniambia mambo mawili: tia semeli laini, na vaa kiatu kipana. La kwanza nikalishika. La pili nikajifanya sikulisikia, maana kiatu kipana nilikiona cha vikongwe, nami nilikuwa na mchumba.

Basi babu yake mchumba akafariki. Unajua kwetu: mkwe mtarajiwa huenda kilioni kupika bukari, ugali wetu, na kugawia watu, na wamama wa pale wanamwangalia toka kichwani hadi miguuni. Akiketi, wanasema mvivu, na posa inaweza kuvunjika. Mimi, mjuaji, nikavaa viatu vyeusi vyembamba, nikasokomeza semeli juu ya soli ya ndani iliyokuwamo. Nilidhani ulaini unatosha. Kumbe nilikuwa nimeunyima mguu hata ile nafasi ndogo uliyokuwa nayo.

Sufuria ya pili haijaiva, vidole vimekufa ganzi. Nikatabasamu, nikaendelea kugawa sahani. Mwishowe nikaketi juu ya gunia la makala, yaani mkaa, mbele ya wamama wote. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Njo ule wa mjini," yaani ndiye yule wa mjini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama yake mchumba akaja. Nikajua nimekwisha.

"Toa viatu, mutoto."

"Haiumi sana, mama."

"Toa."

Nikatoa. Semeli zilikuwa zimelowa damu. Akaleta beseni, akachuchumaa, akaniosha miguu, yeye mwenye msiba, mimi niliyekuja kumtumikia. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nililia, na wamama wakadhani namlilia marehemu.

"Semeli iko muzuri," akasema polepole. "Kiatu njo iko kidogo. Ulinunulia macho ya batu, miguu yako ukaisahau. Na kusema, haukusema. Unafikiri siye tutakufukuza juu ya miguu?"

Akanivalisha kandambili zake, mwenyewe akatembea peku hadi watu wakatawanyika.

Posa haikuvunjika, ndiyo maana wewe upo. Lakini bibi yako huyo tumeshamzika, na neno la asante kwa siku ile halikuwahi kunitoka, kwa haya tu. Kila mara nilisema nitamwambia kesho. Hilo linaniuma kuliko vilivyoniuma vidole.

Kwa hiyo nisikilize. Toa kwanza soli ya ndani ya zamani, ndipo uweke semeli. Jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Vidole visipocheza ndani, kirudishe dukani, hata kiwe kizuri namna gani. Na pakikuuma, sema mapema, hata mbele ya wakwe.

Mungu akutangulie kila unapokanyaga, mwanangu. Na siku maumivu yatakapokuketisha mbele za watu, akuletee mtu kama bibi yako, akupe na kinywa cha kumshukuru angali hai.