Kiinua Mgongo cha Silinda Mbili

Walipotupunguza kazi kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, walituita ofisini mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, wakatuambia fedha za kiinua mgongo hakuna. Kuna pikipiki. Moja, kwa watu wawili. Ilikuwa imeachwa na mtaalamu wa mradi fulani aliyerudi kwao Ulaya: si kubwa kama ya polisi, si ndogo kama ya posta, ya katikati, yenye silinda mbili, na kuku walikuwa wametagia kwenye kiti chake. Nikamtazama shemeji, naye akanitazama, tukasaini. Ungefanyaje?

Tukaisukuma hadi kwangu Kirumba, na njiani tuligombana mara nne. Mjue kwamba mimi ni Msukuma na shemeji ni Mhaya, na tangu nimwoe dada yake hakuwahi kukubaliana nami hata kwamba mvua inanyesha. Nikisema inanyesha, atasema hayo ni manyunyu tu.

Wakati huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ziwani kama uyoga, na mwenye kimoja alikuwa mzee aliyependa pikipiki kupita kiasi. Akatangaza mashindano kwenye barabara ya vumbi kule Misungwi. Zawadi haikuwa kikombe. Alikuwa anatafuta mkuu wa karakana, akasema vyeti amechoka navyo, kazi atampa fundi aliyeitengeneza pikipiki itakayoshinda. Mama yangu! Mimi nilikuwa na watoto watatu, na mke wangu ndiye aliyekuwa anatulisha sote kwa kuuza dagaa soko la Mwaloni, pamoja na huyo kaka yake aliyekuwa analala sebuleni kwangu. Niliitaka ile kazi mpaka nikawa naiota.

Shemeji naye aliitaka. Nafasi ilikuwa moja.

Siku ya kwanza tulishindana tuanzie wapi, siku ya pili tukashindana nani alisema nini siku ya kwanza. Mke wangu akachoka. "Si zipo mbili?" akasema, akionyesha silinda. "Kila mtu ashike yake, mniachie masikio yangu." Basi tukagawana. Ya kulia yangu, ya kushoto yake. Mimi nilikaa upande wangu na tupa, yeye upande wake, tunapanua njia za hewa, tunasugua vifuniko vya silinda kwa msasa juu ya kioo cha dirisha ili mgandamizo uongezeke. Cheni tuliichemshia grisi kwenye sufuria ya ugali, na hilo ndilo jambo pekee tulilokubaliana kulikana.

"Ninyi Wasukuma," shemeji ananiambia huku akipuliza vumbi la chuma, "mmezoea ng'ombe. Kitu kisipoenda, mnakichapa."

"Na ninyi Wahaya kisipoenda mnakihutubia."

Ilipowaka, majirani walitoka nje. Lakini haikuwa na raha. Ilitetemeka, ikaruka, ikanitupa kwenye mtaro wa jirani mbele ya watoto wangu. Mafahali wawili zizi moja, jamani. Kila silinda ilikuwa na kabureta yake na waya wake wa mafuta, na kila mmoja wetu, kwa siri, alikuwa ameukaza waya wake ili silinda yake ndiyo ianze kuvuta. Alikaza, nikakaza. Nikakaza, akakaza. Wangu ukafika mwisho, haukaziki tena.

Kupima kabureta mbili tulitumia mipira miwili ya maji: ncha moja kwenye kabureta, nyingine sikioni, unasikiliza mvumo wa hewa. Tatizo ni kwamba kila mtu alisikiliza ya kwake, akaisifia. Ikabidi tumwite mke wangu. Akaweka mipira yote miwili masikioni kama daktari, akafumba macho.

"Ya kaka inavuta zaidi," akasema. "Kaka, shusha kidogo."

"Mwambie mumeo apandishe."

"Yake imefika mwisho."

"Basi pole yake. Siwezi kushusha kilicho bora kwa ajili ya kilicho dhaifu."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Mkono wake kwenye tupa ulikuwa mzuri kuliko wangu, na haki ya Mungu, sikuwahi kumwambia.

Jumapili ya mashindano, baada ya ibada, tulikuwa kwenye mstari pikipiki tano. Niliendesha mimi, maana shemeji alikuwa na uzito wa gunia la pamba. Ya kwetu ilikuwa inatikisika hata imesimama. Bendera ikiwa inakaribia kuinuliwa, shemeji akainama upande wake na spana ndogo, akalegeza nati ya waya wake, akaushusha kidogo, kisha kidogo tena. Injini ikatulia. Nilisikia silinda zote mbili zikipumua pamoja kwa mara ya kwanza. Akanigonga mgongoni, akasogea pembeni.

Nilienda kama nimetumwa. Kufika kona ya mwisho vumbi lote lilikuwa nyuma yangu.

Mzee wa minofu alikuja mwenyewe, akaizunguka pikipiki, akaishika hapa na pale. "Fundi wa mashine hii ni nani?"

Tulikuwa tumesimama wote wawili mbele yake.

"Mimi," nikasema.

Nikangoja shemeji anirukie. Mtu anayebishia mvua! Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. "Ni yeye, mzee," akasema. "Mimi nilikuwa namshikia spana tu."

Tulipokuwa tunarudi nilisimama Usagara, nikashindwa kuendelea. "Shemeji, nisamehe. Kwa nini ulikubali?"

"Sikukukubali wewe. Wewe ni mwongo. Nimekubali ili watoto wa dada yangu wale. Washa twende."

Nyumbani habari ilikuwa imetutangulia. Vigelegele, majirani, jogoo amechinjwa. Nilipanga niseme kila kitu tukishakaa. Mke wangu akapakua, akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kipande cha mwenye nyumba, kisha akamgeukia kaka yake.

"Na wewe kaka, ubishi umekufikisha wapi? Si ungejifunza kwa shemeji yako."

"Najifunza, dada," akasema, akanawa mikono.

Watoto wote walikuwa wananitazama. Firigisi nikaila. Mungu anisamehe, niliila yote.