Mjane wa Sinema ya Klementina

Wifi yangu Klementina hajawahi kufika Italia, lakini Jumapili mchana, katika banda la video la Kibirizi, hapa Kigoma, ndiye Mwitaliano wetu. Tulisoma wote kwa masista kule Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, kwa hiyo sinema za Kiitaliano zikiwekwa anayasoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya kioo na kututafsiria papo hapo kwa kipaza sauti. Sauti zote ni zake. Bosi wa mafia humpa sauti ya kukwaruza, akina mama wa kijijini huwasemesha kwa lafudhi ya Kiha, nasi tunavunjika mbavu. Mtasema nampendelea ndugu. Kamtafuteni mwingine kama yeye.

Jumapili moja alituwekea sinema ya zamani, haina hata rangi. Mchuuzi ameuawa kwa kumgomea bosi. Kijiji kizima kimeona, na kijiji kizima kimefunga mdomo. Banda lilikuwa kimya, maana mbele kabisa alikaa Adolf. Huyu Adolf hana mtumbwi wala wavu, lakini kila mwanamke anayeanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, humtolea beseni zima la bure. Aliyegoma mara ya mwisho alikuta dagaa wake wamemwagiwa mafuta ya taa. Sote tulijua nani kamwaga, na hakuna aliyesema.

Basi mjane wa yule mchuuzi akaitwa mahakamani. Hakimu akamuuliza nani alimuua mumewe. Chini ya kioo nilisoma kwa macho yangu jibu lake: sikuona kitu.

Klementina alikisogeza kipaza sauti mdomoni. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mama wa Kiha, "Nilimwona, mheshimiwa. Ni huyo aliyekaa mbele. Anakula jasho letu, nasi tumechoka."

Akina mama walipiga vigelegele. Adolf akainuka, akageuka, akanitafuta mimi kwa macho.

"We mama, si ulisoma naye Kifaransa? Ndivyo alivyosema yule mjane?"

Niliogopa, siwadanganyi. Dagaa wangu wote walikuwa wameanikwa pale nje. Nikamtazama wifi yangu. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa inatetemeka. Miaka yote nilidhani Klementina hajui woga. Nikampenda zaidi.

"Ndivyo alivyosema," nikamjibu Adolf. "Tena Klementina kakupunguzia."