Mstari wa Pinki Begani

Ukutani kwenye kibanda changu cha ushonaji, Isevya mjini Tabora, kuna kitambaa cha mkononi chenye tepe, kile ambacho askari huvaa juu ya kiwiko. Kwa miaka mingi kilikuwa na tepe tatu. Mteja akikitupia jicho nilikuwa namwambia, bila hata kuulizwa, kwamba marehemu baba yangu alikuwa askari mlinzi wa stesheni ya Bukene na alistaafu akiwa sajini. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaacha kukisikia ninachosema. Ukweli ni kwamba baba alistaafu akiwa koplo, tepe mbili. Ya tatu niliishona mimi.

Mkubwa wake wa kazi alimwambia kwa mdomo kuwa barua ya usajini iko njiani. Mimi nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimejua cherehani, na mikono ilikuwa inaniwasha. Sikungoja barua. Nilimshonea kitambaa kipya chenye tepe tatu, nikampa siku ya Idi. Alikipokea, akakigeuza kutazama mshono wa nyuma, akasema ahsante mwanangu, akakiweka sandukuni. Barua haikuja. Kitambaa hakukivaa hata siku moja, hata ndani ya nyumba, hata kwa kunifurahisha tu. Alipofariki nilikikuta kimekunjwa vilevile, kina mikunjo ya siku ile. Iliniuma sana. Niliamini aliona mshono wangu umepinda akaona haya kukivaa. Basi nikakitundika kibandani kwa ukaidi, kila mtu auone mshono huo.

Sasa nije kwa mgeni wetu. Alipanga chumba cha uani nyumbani kwangu, Chemchem, mwaka juzi. Ni Mvietnamu, fundi wa minara ya simu, na kazi ilikuwa ikimpeleka Nzega na Bukene, anaondoka alfajiri anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Tabora imezoea wageni tangu enzi za misafara, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa zaidi ya wiki moja. Walitaka kujua anakula nini, wakajua ni wali, wakaridhika. Kiswahili alijifunza kwa vibarua wa minara, na hiyo ina maana kwamba alijua matusi kabla ya salamu. Lakini alipoijua shikamoo hakuiacha tena. Aliniambia kwao nako huwezi kumwita mtu mpaka ujue kwanza nani mkubwa na nani mdogo. Mimi akaniita Mama, nami nikamwita mwanangu, na kodi yake ilikuwa haichelewi.

Baba yake alifariki yeye akiwa huku. Hakuwahi mazishi. Alikaa siku mbili chumbani, siku ya tatu akapanda mnara. Mwaka ulipokaribia kutimia alinifuata kibandani akaniambia jambo lililokuwa likimnyima raha. Kwao, mwaka wa kwanza wa kifo, mtoto wa kiume wa kwanza huandaa chakula mbele ya picha ya marehemu, huwasha ubani, kisha huchoma nguo za karatasi. Kinachoungua hapa kinamfikia marehemu kule aliko. Nguo hizo kwao zinauzwa madukani zikiwa tayari. Tabora hakuna. Na baba yake hakuwa mtu wa kupelekewa shati lolote tu, maana alikuwa mwanajeshi tangu ujana mpaka alipostaafu. Alitaka apelekewe sare, na sare iwe na cheo chake.

“Sikumzika,” aliniambia. “Hiki tu ndicho kimebaki.”

Mimi ni Mwislamu, na habari ya kumchomea marehemu nguo si ya kwetu. Nilimwambia wazi kwamba nitashona lakini sitaomba. Akasema kuomba ni kazi yake.

Jirani yangu wa kibanda, mzee anayetengeneza baiskeli, naye ni mstaafu wa jeshi. Alisikia neno sare akaweka spana chini. Akanionya kwamba nchi hii raia hachezi na nguo za jeshi, ziwe za kwetu au za watu. Ilibidi mgeni amweleze kuwa ni karatasi, na urefu wake ni kama mkono wa mtoto. Mzee akataka kuiona picha. Kijana akafungua simu, na pale nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mzee wangu aliyezoea kuinama juu ya gurudumu alisimama wima, visigino vimekutana. Kwenye bega la marehemu kulikuwa na nyota nne. Katika jeshi letu nyota za begani zinaishia tatu, kapteni, ukizidi hapo unavaa alama nyingine. Nyota nne yeye alizijua kwenye picha za majeshi ya nje tu, kwa majenerali.

Kuanzia siku hiyo, Isevya nzima ilimwita mgeni wetu mtoto wa jenerali. Muuza chipsi alimwongezea chipsi. Akija kibandani alipewa kiti chenye mgongo, na mzee wa baiskeli akakaa juu ya kopo. Kijana alidhani ni ukarimu wa Wanyamwezi tu, akashukuru. Alipokuja kujua sababu alicheka mpaka akashika meza, kisha akachukua chaki yangu akachora mabega ya jeshi lao lote juu ya meza ya kukatia.

Alianza chini. Askari mpya kabisa kwao anavaa alama ya V moja. Akipanda kidogo, mbili. Hapo mzee alimkatiza: V mbili ni koplo. Kijana akasema hapana, huyo bado ni askari wa kawaida. Koplo kwao anavaa mstari mmoja ulionyooka, na masajini wanaongezewa mistari. Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jua linachomoza kusini, Sikonge. Kisha wakaja maofisa, bega la njano ya dhahabu lenye ukingo wa rangi: mwekundu kwa jeshi la nchi kavu, bluu kwa la anga. Nyota ni moja hadi nne kwa kila kundi, kwa hiyo hazitoshi kukuambia chochote mpaka uhesabu mistari. Mstari mmoja wa kukata bega ni maluteni na makapteni. Miwili ni mameja na makanali. Asiye na mstari hata mmoja ndiye jenerali.

Tukarudi kwenye simu. Chini ya zile nyota nne kulikuwa na mstari mmoja. Kapteni. Mzee alirudi kukalia kiti chake chenye mgongo, na kijana akapewa kopo. Heshima ya mtaa ilishuka bila kelele, ila muuza chipsi hakuambiwa.

Nilinunua karatasi za manila, ya kijani kwa sare na ya njano kwa mabega. Kushona karatasi kuna adabu yake. Unaweka sindano nyembamba, unarefusha hatua ya mshono, unafuta mafuta yote kwenye mashine, na unakanyaga pedeli polepole. Jambo kubwa zaidi ni kwamba hukosei. Kitambaa ukikifumua, unasugua kwa ukucha na matundu yanajifunga. Karatasi haijifungi, tundu ulilotoboa linabaki. Nilifanya kazi ile siku nne, kati ya sare za shule, na sitajifanya mnyenyekevu: ilipendeza. Kola ilikaa. Vifungo nilivikata kwenye karatasi ya kung’aa ya maboksi ya zawadi, na nyota nikazikata moja moja kwa mkasi wa kucha.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Kwenye picha, katikati ya bega, chini ya nyota, ulipita mstari mwembamba wa pinki kutoka upande wa shingo hadi mwisho wa bega. Picha ilikuwa imepigwa kutoka kwenye picha nyingine ya karatasi, ina mikwaruzo ya kila namna. Nikaamua huo ni mkwaruzo. Hata kama si mkwaruzo, nilijiambia, pinki na mwanajeshi wapi na wapi. Sikuuliza. Nikamshonea marehemu bega safi.

Kijana alikuja kuichukua sare alasiri, kesho yake ndiyo siku yenyewe. Aliishika kwa ncha za vidole, akatabasamu kwa kola, akatabasamu kwa vifungo. Alipofika begani tabasamu likaisha. Akaiweka mezani taratibu.

“Mama, huyu si baba.”

Nilidhani nimekosea idadi ya nyota. Akasema nyota ni sawa. Akaniuliza mstari wa pinki uko wapi. Ndipo aliponieleza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwamba kwao kuna maofisa, halafu kuna wanajeshi wa fani: mafundi, madereva, wapishi, watu wanaofanya kazi moja jeshini miaka yote. Nao wanapata nyota kama maofisa, lakini katikati ya bega wana mstari huo. Baba yake alikuwa fundi wa malori. Alilala chini ya malori miaka yote hiyo, na kila nyota aliipata na mstari wake wa pinki.

Nilijitetea. Mtu wa cherehani akikosolewa hujitetea kwanza, kufikiri baadaye. Nikamwambia si bora hivi, amempandisha mzazi wake, ni heshima zaidi, na huko aliko nani atajua?

“Wenzake wapo kule,” akasema. “Watamwuliza hiki amekitoa wapi. Atasema nini? Ataona aibu, Mama. Hataivaa.”

Hataivaa. Aliposema hivyo nilikuwa nimesimama, mgongo wangu umeuelekea ukuta, na sikugeuka kutazama kilichotundikwa pale. Sikuhitaji. Nilimwona baba yangu akigeuza kitambaa siku ya Idi. Hakuwa akitafuta mshono uliopinda. Alikuwa akifikiria wenzake pale stesheni ya Bukene, waliomjua ni koplo na waliojua kwamba barua haijaja. Nilimpa kitu ambacho asingeweza kukivaa mbele ya mtu yeyote anayemfahamu, kisha nikamnunia miaka yote iliyobaki ya maisha yake kwa sababu hakukivaa. Niliona haya kwa kijana yule, na kwa baba niliona haya zaidi.

Nilimwambia akae. Mabega yale hayakuweza kurekebishwa, kwa sababu mstari unapita chini ya nyota na karatasi ilikuwa imeshatobolewa. Nilikwenda mwenyewe dukani kununua manila nyingine ya njano kabla hawajafunga. Uzi wa pinki ninao siku zote, wa magauni ya wasimamizi wa harusi. Nilishona mstari kwanza, mishono mitatu iliyobanana ili uonekane, kisha mstari wa kukata bega, kisha nyota juu yake. Kijana alinikatia nyota kwa vidole vyake vya kufunga nyaya, na nusu yake zilifaa. Tulimaliza kabla ya adhana ya magharibi. Akatazama bega, akatazama simu, akatazama tena bega.

“Ndiye,” akasema.

Asubuhi alipanga vitu uani, juu ya stuli yangu ya kupikia: wali, kuku, ndizi, chai, na vijiti vya ubani alivyovipata kwenye duka la Mhindi mjini. Picha aliichapisha kwa mpiga picha wa pasipoti. Mzee wa baiskeli alikuja amevaa koti, hakuna aliyemwalika. Mgeni alisema maneno ya kwao kwa muda mrefu, akainama mara tatu, kisha akaiweka sare kwenye karai langu bovu akaiwasha. Manila inaungua haraka. Mabega yalikuwa ya mwisho, na nyuzi za pinki zilijikunja kabla ya kushika moto. Mzee alipiga saluti. Baadaye aliniambia kwamba kapteni ni kapteni, na fundi wa malori ndiye anayewafikisha wengine.

Tulikula kile chakula, kwa maana kwao marehemu akishakula wanakula walio hai. Kuku alichinjwa na mtoto wa jirani kwa bismillahi, nilihakikisha. Kijana alikuwa na macho mekundu lakini alikula vizuri. Katikati ya wali akaniuliza, kama mtu anayetaka kurudisha fadhila, baba yangu mimi alikuwa na cheo gani, maana alikuwa ameona tepe tatu kibandani. Mzee wa baiskeli akawahi kunijibia: sajini, huyu ni binti wa sajini. Miaka yote amekuwa akiniita hivyo, na mimi nimekuwa nikiitika.

“Koplo,” nikasema. “Tepe mbili. Ile ya tatu ni yangu.”

Mzee alitafuna, akameza, akasema alimfahamu baba yangu, na alijua. Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Mchana nilikitungua kitambaa. Nilikifumua kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, na wakati nafumua niliuangalia mshono wangu wa usichana kwa jicho la fundi wa leo. Haukuwa umepinda. Ulikuwa umenyooka kabisa. Tepe ya tatu ilipotoka, nilisugua matundu kwa ukucha mpaka yakajifunga, nikakirudisha ukutani kikiwa na tepe mbili, cheo ambacho baba angeweza kukivaa.