Sentensi Moja Kuhusu Soko la Nyangwe

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha historia ulikwisha Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi thelathini na wanane, hapa Kasongo. Nilikuwa nimebakiza somo moja, na ndani ya somo hilo jambo moja nililoliogopa tangu mtihani.

Sikusomea historia. Nilisomea ualimu wa shule ya msingi. Mwalimu wa historia alipohamia Kindu, prefe, yaani mkuu wa shule, aliniita ofisini akaniuliza kama naweza kushika vipindi vyake. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kimoja kisicho na jalada nilichoazimwa na mapadre, na kwa kaye ya zamani. Kaye ni daftari la nota, na kwetu halitupwi. Mwalimu anasema polepole, wanafunzi wanaandika neno kwa neno, na mwaka ukiisha kaye inaenda kwa mdogo wako au kwa mtoto wa jirani anayepanda darasa hilo. Vitabu hakuna, kaye ndiyo kitabu. Mimi nilipewa ya binamu yangu, ambaye naye alikuwa ameinakili kwa mtu mwingine.

Lazima niseme jinsi nilivyo. Herufi ikipinda ubaoni, nafuta mstari mzima. Siku moja nilirudi shuleni kwa miguu kutoka sokoni, kapu mkononi, kwa sababu nilikumbuka nimeandika tarehe bila mwaka. Kaye ya binamu ilinituliza: wino wa bluu, vichwa vyekundu, hakuna swali lililobaki wazi. Mwezi wa pili niliisomea darasa sentensi hii kutoka humo: «Kabla ya wafanyabiashara wa pwani kufika, watu wa Nyangwe hawakujua soko.»

Msichana mmoja wa safu ya tatu aliweka kalamu yake ya biki chini. Kwao ni Nyangwe, kando ya mto. Hapa mjini anakaa kwa shangazi yake ili asome.

«Madame, kwetu hawasemi hivyo. Nyanya yangu anasema soko ilikuwa mbele yao, wale wa pwani hawajafika bado. Wamama walikuwa wanavuka na mitumbwi, huyu na samaki, huyu na muhogo. Wale walikuta soko, wakakaa pembeni yake.»

Mvulana wa nyuma, ambaye baba yake ana duka karibu na msikiti, akadakia: «Nyanya yako alikuwako?»

«Na wako je, ndiye alifungua soko?»

Darasa lilicheka. Masikio yangu yakawaka. Nilidhani wananicheka mimi. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, «Andika kama nilivyosema.» Akaandika.

Kwenye mtihani niliuliza soko la Nyangwe lilianzaje. Msichana yule alijibu mara mbili. Juu aliandika «Jibu la Madame», chini yake «Jibu la kwetu». Nilimpa sifuri, kwa kuwa majibu mawili si jibu. Lakini kalamu nyekundu ilikuwa nzito mkononi, nikafungua kile kitabu kutafuta uhakika. Kilisema wageni wa kwanza walikuta tayari masoko ya akina mama kando ya mto, yenye siku zake. Kitabu hicho nilikuwa nacho mwaka mzima. Nilisoma sura za watawala na vita, nikaruka ile ya masoko, kwa kuwa kaye ilikuwa imeshanijibia.

Pointi zake nilimrudishia siku ileile. Hilo lilikuwa jepesi, hakuna aliyeona. Zilizobaki ni kaye thelathini na nane. Zikienda kwa wadogo zao vile zilivyo, mtoto mwingine wa Nyangwe angejifunza kwamba nyanya zake hawakujua hata kuuza samaki. Ili kuizuia sentensi ile, ilinibidi niseme mbele ya wote kwamba nilikosea, na kwamba niliyemnyamazisha alikuwa sahihi. Kwa siku tatu nilijiambia kuwa mwalimu mwingine ataligundua mwenyewe.

Alhamisi ile tulifanya marudio. Niliwauliza wameondoka na nini katika historia ya mwaka huu.

«Maumivu ya mkono, Madame,» alijibu mmoja, akiutikisa.

Wakicheka, nikaona nikingoja wanyamaze sitasema tena. «Fungueni nota za mwezi wa pili. Sentensi ya tatu si kweli. Niliinakili bila kuichunguza. Mwenzenu aliniambia, nikamnyamazisha. Mnisamehe, na yeye anisamehe.»

Kidole kimoja kiliinuka.

«Madame, na sisi tulioandika kama ulivyosema, unatuondolea pointi?»

«Hapana. Kosa ni langu.»

«Basi kosa hilo ni tamu.»

Nilimwomba msichana yule asome sentensi mpya. Alisimama, akakohoa kama ninavyokohoa, akatembea kati ya madawati, mikono nyuma, kama ninavyotembea. «Kabla ya wafanyabiashara wa pwani kufika Nyangwe, koma, akina mama walikuwa wanauza samaki na muhogo kando ya mto, nukta.» Waliinama wakiandika huku mabega yakitikisika kwa kicheko. Nami niliandika.

«Tangu lini?» aliuliza yule mvulana wa duka.

Msichana alinitazama.

«Sijui,» nikasema.

«Tuandike sijui?»

«Andikeni: haijulikani bado.»

Wakaandika. Ndipo msichana wa dawati la mbele akainua kidole. «Madame, kaye yangu haiko hapa. Mdogo wangu alishaenda nayo kule Wamaza juzi, na pikipiki.»

Nilichukua karatasi, nikaandika sentensi yote pamoja na ile «haijulikani bado», nikampa. Nilimwomba amtumie mdogo wake, na amwambie aibandike juu ya ile ya zamani, asiiache ikielea ndani.

«Atabandika na nini, Madame?»

«Na bukari,» nikasema, maana ugali wetu ndio gundi ya kila mwanafunzi.

Aliikunja karatasi mara nne. «Nitamwambia atumie ya muhogo. Ya mahindi inaliwa na mende.»