Chuma Kisicho na Dawa

Daktari yule namkasirikia mpaka leo, na sitaki kuambiwa nipoe.

Kaka yangu ni fundi wa nguo Muyinga, kwenye cherehani ya kukanyaga. Alianguka na baiskeli karibu na Mutaho, akitoka kununua vitambaa, mguu wa kulia ukavunjika. Hospitalini Gitega wakamtia chuma ndani ya mfupa. Siku ya kuruhusiwa, mimi nikiwa nimepanga foleni ya vidonge, daktari alipita wodini; kaka alinisimulia baadaye. Kijana, karudi kutoka masomoni ng'ambo, maneno hayamwishi. Akamhutubia kaka kwamba huko sasa vyuma vya mwilini vinapakwa gundi ya nyuki, au kitu kinachotengenezwa kwa maganda ya kaa, ili vijidudu visishike. Mama akaingia na sufuria ya uji, akasikia la mwisho tu.

"Hii yenu haina dawa, mama."

"Ndiyo, dogiteri," mama akajibu. Nani amhoji daktari?

Yeye alimaanisha chuma hakikupakwa kitu. Mama alisikia mwanawe haponi. Dawa ni kidonge, ni sumu ya panya, ni ile ya kung'arisha viatu, sawa. Lakini kando ya kitanda cha mgonjwa, "haina dawa" ina maana moja tu! Kusoma kote kule hakukumfundisha hilo?

Kwetu habari kama hiyo haisemwi mbele ya mgonjwa. Mama aliificha hata kwangu. Tulipofika Muyinga, vile vidonge vya kuua vijidudu, vilivyomtapisha kaka, mama akaacha kumpa, akimwambia vimekwisha. Akampikia supu ya mbuzi, akamwombea dua. Alitaka mwanawe aondoke bila mateso. Nilijua kidonda kilipoanza kunuka. Nikamfokea mama, ndipo akalia na kunieleza.

Tulirudi Gitega mbio. Daktari alifungua bendeji, akasema mguu utakatwa. Nikamweleza maneno yake yalivyosikika.

"Lakini mi nilieleza bien, vizuri kabisa," akasema, halafu akatoa simu. Alitaka picha ya kidonda, akawaonyeshe wenzake mkutanoni kwa nini vyuma vyetu vinahitaji ile gundi.

Mama akavua mtandio wake, akaufunika mguu.

"Dogiteri," nikasema, "piga kwanza picha ya mdomo yako."