Spika Zangu za Honi Zimenishitaki

Leo spika zangu zimenishitaki mbele ya mke wangu.

Mnajua nimegombana na nusu ya Iringa nikitetea hizi spika za honi, zenye midomo mipana kama tarumbeta na kubwa kama makabati ya vyombo. Asubuhi akaja Sanga, niliyeimba naye besi kwenye kwaya ya vijana, na kispika chake cha mkononi.

"Kaka, hiki kinakutosha."

Nikamwambia tupime kwa rekodi ya wimbo wetu wa zamani wa kwaya, ule ambao ndani yake mtu mmoja anakosea na kuingia kabla ya wenzake. Miaka yote nimesema mtu huyo ni Sanga. Nimesema hata kwenye harusi yake.

Kwenye kispika, sauti zote zilichanganyika kama uji.

Kwenye honi, kila mwimbaji alisimama mahali pake. Mkosaji akasikika wazi, hadi anavyovuta pumzi.

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Baba Tumaini, huyo si wewe?"

Ni mimi.

Sanga alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamwomba radhi, naye akasema, "Kaka, hizi spika ni nzuri sana. Jumapili nawaleta wanakwaya wote waje wasikie."

Nimeshinda ubishi, au sivyo? Semeni.