Imebaki Vanishi Tu

Nakumbuka asubuhi moja mjini Kitale, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya randa, ile ya kulainisha mbao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msichana pekee katika karakana ya Fundi Barasa, na nilijiona fundi kamili. Mzee alikuwa ameenda kwao Sirisia kupanda mahindi. Aliniachia karakana na kazi moja tu, mlango wa mjane mmoja aliyeitwa Mama Nasimiyu.

Mbao zilikuwa kuukuu, zimetolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Mbao kama hizo hupapaswa kwanza, misumari ing'olewe. Hilo hata aliyeanza kazi jana analijua. Mimi, kwa haraka ya ujana, nikazisukuma tu ndani ya mashine. Msumari mmoja mfupi kuliko kidole changu ukavunja visu vyote viwili, mashine ikapiga ukelele na kunyamaza.

Usinicheke. Sikumfikiria mjane wala mlango wake. Nilimfikiria Fundi Barasa, ambaye aliwahi kumfukuza mtu kazi kabla hajamaliza chai yake. Nikavifunga visu kwenye gazeti, nikampelekea fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya soko, anirekebishie kisirisiri. Hata leo sijui kama visu vya randa huchomelewa. Akaniambia nije kesho, na kesho yake akaniambia kesho.

Sasa sikia ujinga wangu. Randa ya mkono ilikuwa imetundikwa ukutani, na kwa jasho la siku chache ningeweza kuzilainisha mbao zile. Lakini majirani wangeuliza mbona mashine imenyamaza, na habari zingefika Sirisia kabla sijamaliza ubao wa kwanza. Kwa hiyo nikakaa bure. Aliyeniuliza nilimwambia stima imepotea, umeme hakuna.

Mama Nasimiyu alikuwa amepanga chumba Kipsongo, hapo hapo mjini, akiuza mboga, na kidogo kidogo akajijengea kijumba Kibabii, kwao marehemu mumewe. Alikuja karakanani Jumatano akiwa na furaha kama mtu wa harusi.

"Njeri, mlango yangu imefika wapi?"

"Imebaki vanishi tu, mama. Ijumaa itakuwa Kibabii."

"Ni ukweli, ama ni zile kesho za mafundi?"

"Haki ya Mungu."

Akaniamini. Akamrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba cha Kipsongo, akachukua watoto wake wawili na godoro, akahamia nyumba isiyo na mlango akijua ni kwa siku moja au mbili.

Ijumaa ikapita. Akapiga simu kwenye duka la jirani wa karakana mara mbili, na mara zote nikamjibu kwamba vanishi inakataa kukauka kwa sababu ya mvua. Mbao zenyewe zilikuwa palepale nilipoziangusha. Simu ya duka ilipolia, hata kama ni ya mtu mwingine, nilishtuka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanangu, ukiwa unaitembea wewe mwenyewe ni ndefu mno.

Jumatano iliyofuata Fundi Barasa akarudi. Akatazama mbao, akatazama mashine, akanitazama.

"Mlango ya Mama Nasimiyu iko wapi?"

"Stima imepotea, mzee. Tangu wiki jana."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. Ng'ambo ya ua, posho mill ya jirani, mashine ya umeme ya kusaga mahindi, ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri.

"Ati stima imepotea kwangu pekee yangu? Hiyo posho mill inasaga na nini? Na maombi?"

Nikamwambia yote, msumari, visu, na uongo wote niliousema. Nikangoja kofi. Hakunipiga wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliketi juu ya gogo.

"Randa inavunjika," akasema. "Mimi nimevunja tatu. Lakini umeweka mama ya watu kwa nyumba haina mlango, na wewe unaenda kulara kwako umefunga. Leo utalara Kibabii. Utakaa huko mpaka nikuje na hiyo mlango."

Nilifika jioni. Mahali pa mlango palikuwa na gunia lililopigiliwa misumari, na nyuma yake kiti chenye sufuria mbili juu, ili mtu akiingia zianguke. Nikamweleza Mama Nasimiyu ukweli nikiwa nimesimama nje. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Juzi mtu aliinua hii gunia," akasema. "Niliona mkono. Nikapiga nduru, akaenda. Njeri, ungeniambia tu, si ningebaki Kipsongo? Hata ningeenda kwa dada yangu hapo Bungoma. Mimi nilikuwa nangoja hiyo kesho yako."

Akaninyanyulia gunia, nikaingia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimemtandikia mwenzangu, sasa nikakilalia. Upepo ukigusa gunia, watoto walishtuka, nami nikakamata panga la mama yao kwa mikono miwili. Usiku wa pili mbwa walibweka, kisha hatua za mtu zikasimama nje, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Mama Nasimiyu akanishika mkono gizani, mimi niliyemtia katika balaa lile, akakohoa kwa sauti nzito ya kiume. Tukangoja. Baadaye sana hatua zikaenda zake.

Siku ya nne, mchana, Fundi Barasa akafika na mlango juu ya pikapu ya kuazima. Alikuwa ameuranda kwa mkono, mzee yule wa karibu miaka sabini, na viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge. Nilishindwa kumtazama usoni. Tukaupachika, tukafunga bawaba na komeo. Mama Nasimiyu akaingia na wanawe, akafunga, tukasikia komeo likiingia mahali pake. Tukakaa nje tukingoja atuambie kama mlango uko sawa. Nikachungulia kwenye dirisha la nondo. Alikuwa amelala sakafuni, nyuma ya mlango, viatu miguuni, saa nane ya mchana, anakoroma.

Mwanangu, vitu huvunjika. Si dhambi. Kikikuvunjikia mkononi, kiseme siku ileile, kwa mwenye kitu na kwa anayekungoja. Huenda akakukasirikia, huenda hata ukafukuzwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliyeambiwa ukweli hukasirika, kisha hujitafutia pengine pa kulala. Aliyeambiwa uongo hubaki mahali ulipomwacha, na hatari ikija humkuta hapo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Akupe ulimi unaosema kabla haujaulizwa. Na popote alipo mtu anayekungoja, amlinde mpaka ufike.